Nilitoa karata za taroti kuhusu ripoti ya Mueller, ukatoka Mnara. Mbona haukuanguka?

BintiPangani · 20 Aprili 2019

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za usiku. Naomba msinicheke kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, chekeni.

Niko Silver Spring, Maryland, jirani kabisa na Washington. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Bibi ninayemtunza sasa ana miaka 86. Akili yake inanizidi mimi, ni miguu tu iliyogoma. Tangu Mei 2017, Robert Mueller alipoteuliwa kuchunguza namna Urusi ilivyoingilia uchaguzi wa 2016 na kama watu wa Trump walikula nayo njama, televisheni ya nyumba hii haijapoa. Bibi anawajua kina Manafort, Flynn na Papadopoulos, watu wa Trump waliochunguzwa, kama mimi ninavyowajua watoto wa shangazi. Kila mmoja wao akikiri kosa au akitiwa hatiani, anatia alama ya wino kwenye kalenda ya jikoni.

Huyu bibi ana karata za taroti, zile za picha za kuagulia, alizonunua miaka ya sabini, enzi za mume wake wa kwanza. Pembe zimelika na zinanuka mdalasini, kwa sababu anazihifadhi kwenye kopo la biskuti. Alinifundisha kuzisoma majira ya baridi ya mwaka juzi, theluji ilipotufungia ndani siku mbili. Sikuzichukulia kwa uzito hadi siku ziliponiambia nisikubali zamu fulani. Nikaikataa, na usiku ule barabara ikaganda barafu, magari yakawa yanateleza kama sabuni bafuni.

Ijumaa 22 Machi jioni ikatangazwa kwamba Mueller amemkabidhi ripoti Mwanasheria Mkuu, William Barr. Ndani mna nini, hakuna ajuaye. Kesho yake asubuhi, baada ya uji, bibi akaniambia nilete kopo. Nikachanga, akakata kwa mkono wa kushoto, nikafunua tatu: kilichopita, kilichopo, kinachokuja.

Ya kwanza Saba ya Panga, yule jamaa anayenyata na panga tano mikononi, mbili kaziacha nyuma. Ya pili Mwezi, mbwa na mbwamwitu wanaubwekea na kamba anatambaa kutoka majini. Ya tatu Mnara. Radi imepiga, taji limeng'oka juu, watu wawili wanaporomoka vichwa chini.

Bibi alipiga makofi. Mimi nikajiona nimelamba dume, mwili mzima ukasisimka. Nikasema basi, huyu mtu anaondoka.

Jumapili alasiri ikatoka barua ya Barr, kurasa nne. Njama na Urusi haikuthibitika. Kuhusu rais kuzuia haki isitendeke, Mueller hakuamua, kwa hiyo Barr na naibu wake Rosenstein wakaamua wenyewe kwamba ushahidi hautoshi. Rais akatangaza kwamba amesafishwa kabisa. Bibi hakugusa chakula cha jioni. Juzi Alhamisi ripoti yenyewe imetolewa, kurasa 448, nyingine zimefichwa kwa wino, nyeusi ti kama chungu, na humo imeandikwa kwamba haisemi rais ametenda kosa la jinai, na pia haimsafishi. Sasa hayo ni maneno gani?

Maswali yangu ni haya. Nilisoma vibaya? Au kuna mnara mwingine umeanguka nami sijauona? Na hili la tatu ndilo linaloninyima usingizi mchana: ule msisimko wa mwili, ambao bibi anauita hisia ya ndani, mtu anaujuaje kwamba ni hisia na si hamu yake tu?

Kobe_wa_Changuu · 20 Aprili 2019

Hii kwetu Tanzania inaitwa ramli chonganishi. Mwaka 2015, kwenye msako wa wapiga ramli, polisi wangekubeba wewe, bibi na kopo la biskuti.

Wakili_Mtarajiwa · 20 Aprili 2019

Dada Pangani, pole na zamu. Karata zako sizijui ila hesabu naijua. Taroti ina karata 78, wewe umetoa tatu. Uwezekano wa Mnara kuwamo ni tatu kwa 78, yaani mara moja katika kila mara 26. Si muujiza. Watu wanashinda kuku kwenye bahati nasibu ya harusi kwa uwezekano mdogo kuliko huo.

Na hizo karata zilianza Italia ya kaskazini, karne ya 15, kama mchezo tu, sawa na sisi na karata zetu barazani. Zaidi ya miaka 300 watu walikuwa wanakulana nazo. Habari za kuagulia zilikuja kushika kasi Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18.

Tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo jibu lako lilipo. Idara ya Sheria ya Marekani ina msimamo wa tangu 1973, ukarudiwa mwaka 2000, kwamba rais aliye madarakani hafunguliwi mashtaka ya jinai. Mueller yumo ndani ya idara hiyo, na msimamo unambana. Akaenda mbele zaidi: kama siwezi kumshtaki, si haki kumwita mhalifu kwenye karatasi, kwa sababu hatakuwa na mahakama ya kujitetea. Kwa hiyo kitabu cha pili cha ripoti kinaeleza matukio kama kumi, likiwemo lile la rais kumwagiza wakili wa Ikulu, McGahn, ahakikishe Mueller anaondolewa, halafu kinasimama hapo. Fundi aliitwa kupima ufa, nyundo hakupewa. Mlikuwa mnasubiri mnara uangushwe na mtu asiye na ruhusa ya kuugusa.

Ukitaka walioanguka, wapo. Watu 34 na kampuni tatu walifunguliwa mashtaka, ingawa wengi ni Warusi walioko kwao.

MzeeWaMakorora · 21 Aprili 2019

Marahaba mwanangu. Wewe ni mtoto wa Tanga na umesoma chuoni, unajua aliyekwenda kwa mwaguzi akamuuliza jambo sala yake haikubaliwi siku arobaini. Sasa wewe hukwenda kwa mwaguzi, wewe ndiye mwaguzi. Zihesabu hizo siku. Bibi yako msalimie, lakini kopo mrudishie biskuti.

Njoki_Karata · 21 Aprili 2019

Sasa BintiPangani. Mimi nasoma taroti hapa Nairobi mwaka wa tisa, wateja wangu wengi ni wa mapenzi na viza, siasa huwa wanakuja nayo wakati wa uchaguzi. Wakili hapo juu ameongea poa, lakini kabla sijakujibu niambie ukweli wako. Ulitoa hizo karata mara ngapi?

Nauliza kwa sababu ya vile umeandika. Mtu akitoa mara moja husema "nilitoa". Wewe umeeleza uji, kopo, mkono wa kushoto, kila kitu hadi makofi. Umeipamba sana, kama hadithi iliyosimuliwa kuficha nyingine.

BintiPangani · 21 Aprili 2019

Njoki, wewe ni mtu hatari.

Mara mbili. Ile ya asubuhi ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliitoa peke yangu saa tisa za usiku ule wa Ijumaa, bibi amelala, mashine ya kufulia inazunguka. Sikumwambia. Nilipata Haki, lakini kichwa chini miguu juu. Kisha Kuhani Mwanamke. Kisha Mbili ya Panga. Nikaziangalia, mwili haukusisimka popote. Nilihisi kama mtu aliyefungua barua akakuta karatasi tupu. Nikasema zimechoka, nikazirudisha.

Na najua ni kosa. Babu mzaa mama alikuwa akipiga bao la mchanga kule Pangani, na nilimwona kwa macho yangu akimfukuza mvuvi aliyekuja kuuliza jambo lilelile mara ya pili baada ya alasiri. Alimwambia, "Mchanga umekujibu asubuhi. Sasa unataka nikujibu mimi." Nilikuwa na miaka tisa hivi. Maneno hayo nimekaa nayo miaka yote, na usiku ule sikuyakumbuka hata kidogo.

Mzee wa Makorora, nimekusikia baba. Naomba radhi.

Njoki_Karata · 22 Aprili 2019

Haya. Sasa weka hizo tatu za usiku mezani, na usisome maana kwenye kijitabu. Angalia picha. Kama pakiti ya bibi ni ile iliyochorwa na Pamela Colman Smith mwaka 1909, utaona hivi.

Haki amekaa kati ya nguzo mbili, upanga mkono wa kulia, mizani wa kushoto. Mahakamani tumezoea sanamu ya Haki iliyofungwa kitambaa machoni. Kwa pakiti hii hana kitambaa, anakukodolea. Sasa ruka hadi Mbili ya Panga. Nani amefungwa kitambaa? Huyo mwanamke wa ufukweni, panga mbili amezikunja kifuani, mizani hana. Uzito wa kulia ni sawa na wa kushoto na hatikisiki. Mimi mteja akipata hiyo humwambia: mtu unayemngoja akuamulie hataamua. Si kwamba hawezi kuona, amekubali kufungwa. Wakili amekueleza kitambaa ni nini. Ni ule msimamo wa 1973.

Halafu Kuhani Mwanamke hapo katikati. Naye ana nguzo mbili, nyuma yake pazia la makomamanga. Angalia mapajani. Kuna gombo, na nusu ya gombo imefunikwa na joho. Maandishi yanaanza unayaona, halafu yanaingia ndani ya nguo. Na wewe unasema kurasa zinatoka nyeusi kama chungu! Huyo mama huwa hasemi, anajua na ananyamaza. Ningekuwa wewe nisingengoja Mueller aje kwa TV aseme jambo ambalo hakuandika.

Ile ya asubuhi na Mnara wake, hiyo ilikuwa kusoma moyo wa bibi. Ulisoma sawa kabisa, ila haikuwa habari ya Trump. Nyumba iliyoanguka Jumapili ile ni ya huyo mama aliyekataa chakula.

Kuhusu hisia na hamu, mimi natumia kitu kimoja tu, na sikuahidi kwamba ni sayansi. Hamu hunifanya nitake kumpigia mtu simu nimwambie. Hisia hunikalisha kimya. Usiku ulikaa kimya. Asubuhi mlipiga makofi.

Kobe_wa_Changuu · 22 Aprili 2019

Mmesahau Utaridi, ile sayari ambayo wanajimu wanasema ikirudi kinyumenyume mambo yanavurugika, ilikuwa inarudi tangu 5 Machi hadi 28 Machi. Barua ya Barr imetoka katikati yake. Nimemaliza, narudi kula majani.

Wakili_Mtarajiwa · 22 Aprili 2019

Njoki, nakiri hilo la kitambaa limenifanya nitafute picha saa nane za usiku. Lakini ripoti ulishaisikia kabla hujaandika. Ungeyasema haya 23 Machi ningekuvulia kofia. Leo unapima nguo kwa mtu ambaye tayari amesimama mbele yako. Angepata karata ya Vikombe Kumi ungemtafutia pa kuvitundika pia.

Njoki_Karata · 22 Aprili 2019

Kweli kabisa. Ndiyo maana nimeacha moja ambayo bado haijafika: nimesema hatasema kitu nje ya alichoandika. Ngoja uone.

BintiPangani · 25 Julai 2019

Nimerudi, msidhani nimekimbia deni.

Mei 29 Mueller alisimama mbele ya kamera dakika chache, akasema ripoti ndiyo ushahidi wake, akaondoka bila kupokea swali hata moja. Nikakukumbuka Njoki, nikanyamaza kwanza. Jana ndiyo kaitwa mbele ya kamati mbili za Baraza la Wawakilishi. Tumekaa tangu asubuhi, nilibadilishana zamu makusudi. Nadler, mwenyekiti wa kamati ya kwanza, akamuuliza kama alimsafisha rais kabisa, akajibu hapana. Yaliyobaki, saa baada ya saa, yalikuwa ni kumwelekeza mtu ukurasa, kuomba swali lirudiwe, na kukataa kujibu. Ana miaka 74. Bibi yangu wa 86 akaniambia, "Hata mimi nasikia vizuri kuliko huyu," akaomba mto wa mgongo.

Nilimweleza bibi habari ya karata za saa tisa za usiku. Nilidhani atakasirika kwa kumficha. Aliuliza tu kwa nini sikumwamsha. Nikasema nilimwonea huruma, alikuwa ameisubiri siku ile miaka miwili. Akasema huruma ya namna hiyo nimpelekee mwingine.

Wakili, dola 20 za dau ambalo bibi alikuwa amewekeana na jirani kuhusu ripoti hii amezilipa. Na tumeacha kutoa karata, si kwa ajili yako usijisifu. Nilichapisha ripoti maktaba, kitabu cha kwanza na cha pili, kwenye mfuko wa nailoni kama kilo mbili za sukari. Namsomea kwa sauti usiku anapokosa usingizi. Tuko ukurasa wa 61. Pale penye wino mweusi pameandikwa sababu kwa herufi ndogo, hapa ni kesi inayoendelea, pale ni siri ya baraza la mashtaka. Mwanzoni nilikuwa nazisoma. Siku hizi nikifika hapo nanyamaza, naye akiwa amefumba macho anasema neno nililomfundisha, kwa matamshi yake ya ajabu: "Pazia." Kisha naendelea na mstari unaofuata.