Tupeane uzoefu: paipu ya hewa baridi ya kujitengenezea, sisi wa Malindi

Kaskazi_Mld
Salaam wote. Naongelea paipu ya kuipelekea injini hewa ya nje badala ya ile ya moto ya ndani ya boneti. Nianze na yangu alafu mumwage zenu.

Jua la mwezi wa pili hapa kwetu mnalijua. Probox yangu ya 1500, nikitoka Gede na watu wanne na AC imewaka, nikikanyaga ilikua ni kama kuna mtu ameishika nyuma. Nikanunua kile kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya stelingi nikasoma joto la hewa inayoingia kwa injini. Nimesimama foleni pale sokoni, nyuzi 58! Nje ni 33. Kufungua boneti naona mdomo wa kuvutia hewa ulishavunjika zamani, inavuta ileile hewa inayotoka kwa rejeta.

Hewa ikipata moto inatanuka. Ya nyuzi 60 ni nyepesi kama asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, kwa hivyo kila injini ikivuta pumzi oksijeni ni pungufu.

Nikaenda hadwea nikachukua paipu ya PVC ya inchi tatu na elbo mbili na klipu, kwa jamaa wa juakali nikapata kipande cha hozi ya lori cha kuungia, zilinitoka kama 1,400 zote. Kisanduku cha eya klina, kile kinachokaa filta ya hewa, sikukigusa, nimetoa paipu hapo mpaka nyuma ya grili. Mara ya kwanza niliipitisha karibu na manifodi ya ekzosi, pale moshi wa moto unapotokea kwa injini, siku ya pili naikuta elbo imelegea na kupinda, ukiibonyeza kidole kinaingia kama kwa mahamri ya moto. PVC haitaki joto la nyuzi 80. Nikaizungusha upande wa betri na nikaweka ukuta wa bati la alumini katikati.

Saa hii foleni nasoma 45, nikienda 36. Kuovateki naona tofauti, mafuta ni yaleyale, na ukiendesha polepole hutaona kitu kwa sababu pale injini haihitaji hewa nyingi. Haya, nyinyi je?

Mtu wa Sabaki
Kaka hongera, lakini angalia mdomo uko juu kiasi gani. Mimi nilitoa kisanduku kabisa nikaweka filta ile ya koni chini ndani ya bampa, huko ndio kuna hewa baridi kweli na gari ilichangamka. Ikaja mvua ya mwezi wa tano. Maji yalikua hayajafika hata nusu ya tairi, nikaingia, gari mbele yangu ikasukuma wimbi, injini ikakata tu papo hapo. Nikapiga stata mara mbili tatu, na hapo ndio nilipoiua, maji hayashindiliki kama hewa, konrodi moja, ile fimbo inayoshika pistoni, ilipinda. Ikikufika usipige stata, wala isisukumwe. Toa plagi zote kwanza uzungushe maji yatoke. Mimi sikujua, na nilikua naifanyia kazi ya kupeleka watoto shule.

Dereva Mambrui
Maji ni siku mojamoja, mchanga ni kila siku. Mimi njia yangu ni Gongoni na Marereni, kule kwa mashamba ya chumvi, upepo ukivuma unaonja chumvi mdomoni. Niliweka filta ya kupaka mafuta, nikaipaka nyingi nikidhani ndio itashika vumbi vizuri. Mafuta yakavutwa mpaka kwa sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwa injini, ule waya wake mwembamba ukashika uchafu, gari asubuhi ikawa inatetemeka na kuzima. Nimerudisha karatasi ya kawaida, naikung'uta kila Jumapili.

Mama Swafi
Mimi gari nilipelekewa kwa fundi, sikufanya mwenyewe. Akatoboa ile paipu ya PVC akachomeka hiyo sensa ya hewa humo, akazungushia solotepu. Taa ya injini ikawaka, kodi ya hitilafu P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, na sailensi, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda na kushuka yenyewe. Fundi wa pili ndio alinieleza: ile sensa imepimiwa upana wa bomba lake la kampuni, ukiiweka kwa bomba pana zaidi hewa inapita mbele yake taratibu, kompyuta inadhani ni kidogo. Na pale kwa solotepu palikua panavuta hewa isiyopimwa. Karudisha kipande cha zamani na klipu, ikatulia. Kaskazi, yako umeiacha mahali pake?

Kaskazi_Mld
Iko palepale dada, paipu yangu inaishia kabla ya kisanduku, huko mbele kwa sensa sijagusa hata skrubu. Mtu wa Sabaki pole sana kwa injini. Nimetoka kupima sasa hivi, mdomo uko sentimita 71 kutoka chini na umeelekea pembeni, na kwa chini ya elbo nitatoboa kitundu cha milimita 5 maji ya mvua yatonee nje.

Ah, na nilisahau. Mkikata PVC kwa msumeno inabaki na unga ndani, umeng'ang'ania kwa ukuta wa bomba hata ukipuliza hautoki. Niliosha kwa sabuni nikapitisha kitambaa kwa kamba mara tatu, nikaianika mpaka ikakauka ndio nikafunga.

Dereva Mambrui
Hicho kitundu kizibe na kipande cha wavu wa mbu, huku kwetu kitaingiza mchanga.