Kazi kwenye kampuni kubwa ya vifaa tiba ikoje jamani?

Fundi Sakiti:
Wakuu habari zenu. Mimi ni injinia wa umeme, miaka minne natengeneza elektroniki za kawaida za nyumbani, sasa nimeitwa intavyuu kwenye kampuni kubwa ya vifaa tiba, wanatengeneza pesimeka (vile vifaa vinavyowekwa mwilini kusaidia moyo upige sawasawa) na pampu za dawa. Jamaa aliyewahi kupita huko kaniambia makaratasi yatanimaliza, eti kubadili skrubu moja ni miezi. Ni kweli?

Dada wa Ubora:
Hajakudanganya, ila hajakwambia kwa nini. Niko idara ya ubora mwaka wa tisa. Ukibadili skrubu lazima tujue chuma chake kinagusa mwili au hakigusi, kitastahimili mvuke au gesi ya kuua vijidudu, kwenye faili la hatari (linalofuata ISO 14971, kiwango cha kimataifa cha kudhibiti hatari za vifaa tiba) kimebadilisha nini, nani kaipima na kipimio chake kilikaguliwa lini. Usipoandika, mkaguzi anahesabu hukupima. Mwaka wangu wa pili nilisaini ripoti ya vipimo bila kuangalia tarehe ya kipimio, kumbe ilishapita, bechi nzima ikasimamishwa na wenzangu wakarudia kazi ya wiki tatu kwa sababu yangu. Niliumia sana, lakini hakuna hata kifaa kimoja kilichotoka mlangoni bila kupimwa upya, na mimi ndo maana bado nipo.

Mzee wa Kodi:
Mkuu uliza unaenda timu gani, hilo ndo kubwa. Timu ya bidhaa mpya utadizaini kweli. Mimi niliwekwa kwenye bidhaa za zamani, kazi ni kutafuta chipu mbadala kila msambazaji akiacha kutengeneza ile ya mwanzo, halafu Ulaya sheria yao ya vifaa tiba, MDR, ikaanza kutumika Mei 2021, tukakaa kuandika upya nyaraka za vifaa ambavyo vimeuzwa miaka na miaka, sikuandika kodi ya programu hata mstari mmoja karibu mwaka mzima. Niliondoka. Sheria siilaumu, ila mtu anayependa kujenga vitu aambiwe mapema.

Mama Katheta:
Mimi kampuni imeniweka upande wa hospitali, naingia thieta wakati daktari anaweka pesimeka. Unasimama masaa na aproni ya madini ya risasi ya kuzuia miale ya eksirei, mgonjwa humgusi, kazi yako ni kupima waya umekaa vizuri na kumwambia daktari namba. Simu inalia hata usiku wa manane. Familia yangu imeteseka na hiyo simu, sifichi. Ila Medtronic, kampuni ya vifaa tiba walioanzia gereji kule Minneapolis mwaka 1949, wana desturi ya kuwaita wagonjwa waje wasimulie mbele ya wafanyakazi, na natamani kila kampuni ingefanya hivyo kwa sababu wengi wa kiwandani hawajawahi kumuona mgonjwa anayeishi na kifaa walichotengeneza.

Fundi Sakiti:
Asanteni sana, la timu ntaliuliza mwanzo kabisa. Dada wa Ubora, hizo tarehe za vipimio anafuatilia nani, sofwea au kila mtu na chake?

Dada wa Ubora:
Sofwea inakumbusha, na kila kipimio kina stika yenye tarehe. Isome stika wewe mwenyewe kila unapokishika, hata kama umekitumia jana.