Tupeane uzoefu: ukumbi wa dansi uliokufa mtaani kwenu

Wakuu, kuna kibao cha kumbukumbu nimekiona kwenye simu kimenikosesha usingizi. Kipo Harlem, New York, Lenox Avenue kati ya mtaa wa 140 na 141, pale palikuwa na ukumbi unaitwa Savoy Ballroom, ulifunguliwa 1926 ukafungwa 1958, wakavunja wakajenga maghorofa ya makazi. Majukwaa mawili, bendi hii ikishuka ile inadaka, weusi na wazungu sakafu moja enzi ambazo kwingine walikuwa wanatenganishwa. 2002 ndo wakaweka kibao, na waliokizindua ni wachezaji wenyewe wa pale, Frankie Manning na Norma Miller, wazee tayari. Basi nikawasha pikipiki nikaenda kuchungulia ukumbi wetu hapa Mtwara. Stoo ya korosho. Magunia mpaka dirishani. Haya, mwageni.

Wa Ligula: Mi nakumbuka kusubiri tu. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 bendi ikitoka Dar lazima ivuke Rufiji kwa pantoni, na masika ndo usiseme. Siku hiyo tumelipa kiingilio saa mbili usiku, jamaa wamekwama huko, wameingia karibu na alfajiri matope mpaka magotini na bado wakapiga!! Tunatoka jua limechomoza, nani yuko barabarani, baba na kanzu yake katoka msikitini. Hakusema kitu. Alisema tulipofika nyumbani, kwa bakora.

Wa Mikumbi, Lindi: Sikuwahi kuingia, nilikuwa mdogo. Bimkubwa alikuwa anauza mihogo ya kukaanga nje, msimu wa korosho watu wana hela zao, uraka, ile pombe ya mabibo, umewakolea. Anasema saa hakuwa nayo, alikuwa anaangalia wanaume, wakianza kuja kununua mihogo viatu vya raizoni mkononi, vidole vimevimba, anajua dansi linaisha anafunika karai.

Wa Chikongola: Kibao chetu kikae mlangoni palepale, upande wa barabara, ule uwazi waliouziba kwa tofali mpaka leo rangi haijafanana.

Wa Ligula: Mkuu mlango ulikuwa nyuma kwenye mwembe. Hilo unalosema ni dirisha, mlikuwa mnaruka bila kulipa.

Wa Chikongola: Basi kikae dirishani, sisi ndo tulikuwa wengi.