Naomba ushauri: kupima kumbukumbu za wazee wasiosoma baada ya upasuaji

Wadau wa wodi za upasuaji, naombeni ushauri. Kwa wagonjwa wa miaka 65 kwenda juu tunafanya Mini-Cog kabla ya upasuaji: maneno matatu ya kukumbuka na kuchora saa, jumla alama 5, chini ya 3 tunashuku tatizo. Baada ya upasuaji ni 4AT, kipimo kifupi cha deliriamu (kuchanganyikiwa kwa ghafla), kila zamu. Kuanzia alama 4 tunatafuta deliriamu.

Shida ni bibi ambaye hajawahi kushika kalamu. Kuchora saa anakosa, alama 2 zimekwenda, na akili yake ni timamu kabisa. Kwenye 4AT haijui tarehe yake ya kuzaliwa. Akiambiwa ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma anakwama, maana yeye huhesabu miezi ya Kiislamu: Mfungo Mosi, Mfungo Pili. Kuna mliotumia siku za wiki, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano? Alama mnatoaje?

Pia wale wanaolala kimya: faili linaandikwa "ametulia", kumbe ni deliriamu. Tunaangalia oksijeni, maumivu, mkojo uliobana, diazepamu (dawa ya kutuliza) ya usiku. Miwani husahaulika sana.

Na akisharuhusiwa, Mini-Cog mnairudia lini, wiki ya 6 au mwezi wa 3?