Katekista wetu ananawisha wageni mikono, risala hata haimtaji!!

Jamani mie leo nimechoka, mnisamehe nikivuka heshima. Jumapili ilopita kigangoni kwetu (tawi dogo la parokia) huku Pemba kulikuwa na kipaimara, ile sakramenti ya kuimarishwa imani, wageni wamevuka na boti kutoka Unguja, pilau, maturubai, spika mpaka njiani. Watoto 14. Wamefunzwa na nani? Katekista, mlei anotufundishia dini, miaka miwili kila Jumamosi baada ya alasiri chini ya mwembe, chaki ananunua kwa pesa yake, mwanangu ni mmoja wao kwa hiyo najua nnachosema. Sasa risala ikasomwa, kashukuriwa paroko, masista, kwaya, kamati, wapishi, hadi kijana wa jenereta kapigiwa makofi. Yeye kimya! Nageuka nimtafute namuona kashika birika na beseni ananawisha wageni mikono, na lile shati lake la kila Pasaka.

Na huyu ndo anotuongozea Ibada ya Neno Jumapili zote ambazo padre hayupo, na padre anafika mara moja kwa mwezi (simlaumu, vigango vyake vingi na yuko peke yake). Kukifiwa usiku anagongewa yeye, mgonjwa yeye, mtu na mkewe wakigombana yeye. Baskeli yake haina breki, anasimamisha kwa kandambili.

Nikauliza kwenye kikao, mmoja wa kamati akanijibu eti "yule anajitolea, malipo yake mbinguni". He! Mbona umeme wa parokia haulipwi mbinguni? Mbona petroli haingoji ufufuko?

Na msinambie ndo Kanisa linavotaka. Papa Fransisko katoa barua tarehe 10 Mei 2021, ukatekista ukawa huduma rasmi kabisa, mtu anasimikwa na askofu kwa ibada yake. Na Sheria ya Kanisa kanuni ya 231 inasema mlei (muumini asiye padre wala mtawa) alojitoa kwa kazi maalumu ya Kanisa ana haki ya malipo ya kumtosha yeye na familia yake. Imeandikwa HAKI. Wala sisemi apewe upadre, mtu ana mke na watoto watano, daraja ya nini.

Nyie wa vigango vyengine mnafanyaje, kuna wanaolipwa hata nauli? Maana juzi kaenda kuongoza maziko kwa miguu, tairi la nyuma limepasuka, na jioni ile ile kamati ikatutumia meseji ya mchango wa zulia jipya la altareni.