Tupeane uzoefu: amplifaya gani inakubaliana na spika gani nyumbani, wa Kigoma na Tabora tukutane hapa

Mtoto wa Gungu
Wakuu, heshima zenu. Huku kwetu ukiingia dukani utauziwa sabufa iliyokuja na kila kitu chake ndani. Mtu akitaka kupanga mziki wake mwenyewe, ampu kivyake na spika kivyake, anabaki kuokoteza na kusikiliza maneno ya vijiweni.

Mimi nimeachiwa na mjomba amplifaya ya zamani ya stirio, nzito hiyo, nyuma imeandikwa wati 60 kila upande kwa omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme). Ninazo spika mbili za boksi la mbao za omu 8, na nyingine mbili za omu 4 nilizozipata kwa jamaa aliyekuwa anahama. Fundi mmoja hapa Mwanga kaniambia niunge zote nne, eti mziki utasikika mpaka Ujiji. Sijawasha chochote bado. Kabla sijawasha nataka kusikia mlichofanya nyumbani kwenu: ampu ipi, spika za omu ngapi, na ikawaje.

Fundi wa Isevya
Mkuu, huyo fundi mwambie aanze na ya kwake.

Spika ya omu 8 ukiiunga sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) na ya omu 4 kwenye upande mmoja, ampu inaona omu 2.67. Ampu yako imepimwa kwa omu 8, kwa hiyo ukipandisha sauti itadaiwa umeme mara tatu ya ule iliotengenezewa kutoa. Ukipiga taratibu saa za mchana utasema mbona safi tu. Usiku wageni wakija, mtu akizungusha kitufe, ndipo transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zinapokwenda.

Na watu hawajui kwamba transista hizo mara nyingi haziondoki peke yake. Zikishoti, umeme wa DC, ule wa mkondo mmoja kama wa betri, unamwagika moja kwa moja kwenye spika, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inaiva. Nimeletewa nyingi za hivyo. Huwa nazipima hivi: nalaza spika chali, naweka vidole pande mbili za koni, nasukuma polepole chini na kuachia. Nzima inashuka na kupanda kimya. Iliyoungua inakwaruza, khrr khrr, na ukisogeza pua katikati unapata harufu ya vanishi iliyoungua. Hapo hata mita haina haja.

Kuhusu mita: ukipima spika ya omu 8 utasoma kama 6 hivi, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Ndivyo zilivyo, usiseme umeuziwa feki.

Kijana wa Kaliua
Naweka kambi hapa, nina ya kwangu nitaleta.

Dada wa Kibirizi
Mimi nataka niseme kitu ambacho wanaume hampendi kukisikia: acheni wati. Mnaulizana wati kama mnaulizana magari.

Nyumbani kwangu nasikiliza rumba za ng'ambo ya ziwa, na rumba bila gitaa kusikika vizuri ni kelele tu. Nina ampu ndogo ya wati 25 kila upande. Kaka yangu aliniletea kutoka Dar spika nzuri za kisasa, ndogo, nzito kama tofali. Zinapiga safi ila kwa upole mno, nikifungua madirisha upepo wa ziwani unazimeza. Kumbe nyuma zimeandikwa desibeli 84, yaani ukali wa sauti spika inayotoa kwa wati moja. Baadaye nikapata maboksi ya zamani makubwa yenye wufa (spika za besi) za inchi 10, yameandikwa desibeli 91. Ampu ni ile ile, kitufe pale pale, jirani akaja kuuliza nina shughuli gani.

Hesabu yake nilielekezwa na mwanangu anayesoma umeme. Kila ukipanda desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Tofauti ya desibeli 7 ni kama mara tano. Ili zile ndogo zipige kama haya maboksi, ningehitaji ampu ya wati 125. Sasa nani anazo hela hizo, na za nini?

Kwa hiyo kabla ya kununua ampu kubwa, geuza spika usome namba ya desibeli. Kwenye spika nyingi za bei rahisi hata haijaandikwa, na hilo nalo ni jibu.

Mtoto wa Gungu
Dada hapo umenifungua. Haya ya omu 8 yameandikwa 90. Ya omu 4 hayana maandishi yoyote, kibati kimebanduka.

Mzee wa Ng'ambo Tabora
Hamjambo vijana. Huu uzi umenikumbusha enzi za Tabora Jazz, tulipokuwa tunasimama nje ya ukumbi kusikiliza besi inavyogonga ukuta. Wakati ule mtu aliyekuwa na redio ya kanda na spika za kujitegemea alikuwa mtu mkubwa mtaani.

Mimi maboksi yangu nilichongesha kwa seremala, mbao za mninga. Tabora tuna mninga, nikaona fahari. Ni mazuri kwa macho mpaka leo, wageni wanayapapasa. Lakini kwa sauti nawashauri msinifuate. Mbao ya kipande inapumua, kiangazi inapasuka kwenye kiungo, hewa inavuja na besi inakuwa ya kupuliza. Jozi ya pili nikatengenezesha kwa plaiwudi nene, ndani tukapigilia mti wa kukaza kutoka ubavu hadi ubavu, viungo vyote gundi. Mninga nikaubandika kwa nje kama pambo. Hiyo ndiyo inayopiga.

Jambo la pili ni waya. Sebule yangu ni ndefu na ampu iko kona moja na spika kona nyingine, kama mita kumi hivi. Mwanzo kulikuwa na ule waya mwembamba mwekundu na mweusi. Kijana wa dukani akataka kunipa wa "spika" wa bei mbaya, nikamwambia nipe ule wa kutandaza nyumba, shaba tupu, wa milimita 2.5. Kwa mita kumi kwenda na kurudi unapoteza kama omu 0.14 tu. Angalieni lakini, kuna waya siku hizi ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe, rudisha.

La tatu, chanya na hasi. Spika moja ikigeuzwa, besi inapotea kabisa, na mtu anaanza kulaumu ampu. Spika zisizo na alama nazipima kwa betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5. Gusisha waya mara moja tu uachie. Koni ikiruka kuja kwako, waya ulioko kwenye upande wa betri wenye alama ya kujumlisha ndio chanya. Ikirudi ndani, geuza.

Fundi wa Isevya
Shikamoo mzee. Hiyo ya betri hata sisi mafundi ndiyo tunayotumia, na kwa zile omu 4 zisizo na kibati itafaa sana.

Mtoto wa Gungu, umesema ampu ni ya zamani na nzito. Hebu igeuze tena, karibu na pale waya wa umeme unapoingia. Volti ngapi?

Mtoto wa Gungu
AC 100V, 50/60Hz, W 150.

Fundi wa Isevya
USICHOMEKE UKUTANI.

Hiyo ilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, umeme wao wa majumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka hivyo, kama una bahati itakata fyuzi, kama huna transfoma inatoa moshi na hakuna omu wala desibeli itakayokusaidia. Ampu za hivi ziko nyingi sana kwenye mitumba ya elektroniki, na ni ampu nzuri kuliko mpya nyingi za madukani, lakini watu wanaziua siku ya kwanza. Mjomba alikuwa anaiwashaje?

Mtoto wa Gungu
Loh. Ndiyo maana! Kulikuwa na kisanduku cha chuma kizito ampu inachomekwa humo. Binamu zangu walikiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Dada wa Kibirizi
Hahaha jamani. Waliuza roho wakabaki na mwili.

Fundi wa Isevya
Tafuta transfoma ya kushusha, ya VA 300 au zaidi (VA ni mzigo inaoweza kubeba, ihesabu kama wati) kwa sababu ampu inakula 150. Madukani nyingi zinatoa 110. Itafanya kazi, ila volti zinakuwa juu kwa asilimia kumi na ampu inachemka zaidi ya kawaida, usiizibe juu kwa kitambaa cha kufuma. Ukipata yenye tundu la 100 kabisa, chukua hiyo.

Siku ya kuwasha, usiunge spika kwanza. Weka balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 katikati ya njia ya umeme unaokwenda kwenye transfoma. Ikiwaka mara moja kisha ikafifia, salama. Ikiganda inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Baada ya hapo toa balbu, weka mita kwenye DC, pima matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 hakuna shida. Ukiona volti nzima, usiunge spika ya mtu yeyote hapo.

Kijana wa Kaliua
Sasa niseme yangu. Mimi niko nje kidogo ya mji, nategemea sola, betri N70 na paneli. Ampu za umeme wa ukutani kwangu zinataka inveta na inveta inakula betri. Nikachukua ampu ya gari, inatumia volti 12 moja kwa moja. Ilikuwa inapiga vizuri kwenye gari la jamaa, kwangu na maboksi ya omu 8 ikawa inalegea. Ampu za gari zimepangwa kwa omu 4, ukiweka 8 unapata kama nusu ya nguvu. Nikabadilisha wufa, nikaweka za omu 4, ikachangamka.

Boksi la ile ampu limeandikwa wati 1000. Betri ya volti 12 kutoa wati 1000 inabidi ivute zaidi ya ampia 80, na fyuzi iliyokuja nayo ni ya ampia 15. Wenye akili watajua wenyewe. Zile namba za PMPO (wati za kilele) ni za kupamba boksi, mimi naangalia fyuzi na RMS (wati za kudumu).

Ila nina swali. Kila mtu anasema ampu kubwa ndiyo inaunguza spika. Mbona jirani yangu ana kiampu kidogo na ameunguza tuita mara kwa mara?

Fundi wa Isevya
Kwa sababu anakilazimisha. Ampu ndogo ikisukumwa kupita uwezo, kilele cha wimbi kinakatwa na linabaki kama matofali. Umeme unaotoka hapo unaweza kukaribia mara mbili ya wati zilizoandikwa, na sehemu yake kubwa ya ziada inaangukia kwenye sauti za juu, yaani kwa tuita, ambayo koili yake ni nyembamba kama unywele. Mwambie akisikia mziki unaanza kupasuka, ashushe. Halafu akague kama tuita alizobadilisha zina kapasita ya kuzuia besi. Wapo mafundi wanaunga tuita moja kwa moja, besi yote inaingia humo. Hizo hazimalizi wiki.

Ampu kubwa kwa spika ndogo ni salama zaidi, mradi mwenye mkono awe na adabu. Kwenye sherehe mwenye mkono anakuwa mwingine.

Mzee wa Ng'ambo Tabora
Kitufe changu nimekitia alama ya rangi ya kucha. Wajukuu wanajua mwisho ni pale.

Mtoto wa Gungu
Mrejesho wakuu. Transfoma nimeipata hapa hapa Kigoma, ya VA 500, ina tundu la 100. Balbu iliwaka ikafifia. Mita ilisoma milivolti 12 kushoto, 19 kulia. Nimeunga zile za omu 8 peke yake, chanya na hasi nimehakiki kwa betri. Robo tu ya kitufe na sebule imejaa. Za omu 4 sasa naona hazina kazi kwangu.

Kijana wa Kaliua
Unaziuza? Nipigie picha koni kwa mbele na sumaku kwa nyuma. Treni inapita hapa kwetu, unampa mtu nazipokea stesheni.

Fundi wa Isevya
Zisukume kwa vidole kwanza kabla hujamuuzia mwenzio.

Mtoto wa Gungu
Nimesukuma, ziko kimya zote mbili. Kaliua njoo inboksi tuongee bei.