Mastaa wana wigi, sisi tunakatikiwa nywele. Wasusi, acheni kusema "inawezekana"!

Wakuu, salamu zitafuata siku nyingine. Leo naandika nimejifunga kilemba ndani ya chumba changu mwenyewe, mlango nimeufunga, kioo nimekigeuzia ukutani. Uzi ni mrefu na nina hasira. Asiyetaka kusoma apite kimya kimya.

Swali kwa wasusi mliomo humu, na najua mpo wengi: mteja akikunyooshea simu yenye picha ya staa, wewe huwa unaangalia simu au unaangalia kichwa?

Mimi nilikwenda na picha ya Billie Eilish, yule mwanamuziki wa Marekani. Ile ya Machi 2021, alipoachana na nywele nyeusi zenye mizizi ya kijani akaibuka na blondi iliyopauka kichwa kizima. Picha hiyo nimeishi nayo kwenye simu muda mrefu nikijipa moyo, mpaka siku nikasema potelea mbali. Nikaingia saluni. Jina la saluni silitaji, na msinifuate pembeni kuniuliza.

Sasa nisikilizeni kichwa changu kilikuwaje siku hiyo. Nywele nyeusi tii. Zina dawa. Na miezi minne nyuma nilikuwa nimezipaka rangi nyeusi ya boksi, mwenyewe, nyumbani, kufunika rangi ya shaba iliyokuwa imenichosha. Yaani juu ya unywele mmoja kuna dawa, kuna shaba, kuna nyeusi. Unadhani kuna mtu aliniuliza? Msusi alichovya vidole kwenye nywele zangu kama anayepima ubora wa kitambaa, akatazama picha, akasema: "Hii kazi ndogo mpenzi. Inawezekana. Masaa matatu tu unatoka."

Masaa matatu.

Billie mwenyewe alisema hadharani kwamba kutoka nyeusi hadi ile blondi ilimchukua wiki 6. Wiki sita! Na muda ule alikuwa akivaa wigi lenye rangi zake za zamani, nyeusi na kijani, hata kwenye tuzo za muziki za Grammy alikwenda nalo, ili watu wasijue chini kuna kinachoendelea. Baadaye mwenyewe akalieleza. Kim Kardashian naye, Mei 2022, alipokwenda Met Gala, ile hafla kubwa ya mitindo kule New York, na gauni la Marilyn Monroe, mwigizaji wa zamani mwenye nywele za blondi, alisema alikaa masaa 14 mfululizo kupauliwa nywele. Huyo ni mtu ambaye kazi ya kichwa chake inafanywa na mafundi wa daraja la juu kabisa. Kumi na nne. Halafu wewe na kibakuli chako cha plastiki unaniambia matatu, na mimi mjinga nikakaa kwenye kiti.

Ndiyo maana nasema mastaa sina ugomvi nao. Wao wamesema. Tatizo ni anayejua kazi na bado anakuambia inawezekana, kwa sababu akikuambia haiwezekani utaondoka na pesa yako.

Basi tuendelee. Akakoroga unga wa blichi na maji yake. Maji hayo ni hidrojeni peroksaidi, na yana viwango: asilimia 3, 6, 9, 12. Kadiri namba inavyopanda ndivyo yanavyofanya kazi kwa ukali zaidi, na ndivyo yanavyoumiza zaidi. Nilisoma chupa kwa jicho la pembeni: 12. Kwenye nywele zenye dawa. Akaipaka kuanzia kwenye ngozi ya kichwa, akateremka. Siku ile sikujua kosa liko wapi. Leo najua, maana nimesoma usiku kucha kwa hasira. Ngozi ya kichwa ina joto, na joto linaharakisha blichi, kwa hiyo mizizi inatangulia kupauka kabla ya kwingine kote. Fundi anayejua anaanza katikati, mizizi anaiachia mwisho. Huyu wangu alianza pale pale, akanivika mfuko wa plastiki, akaenda kusuka mtu mwingine.

Kichwa kikaanza kuwaka. Nikamwambia dada, kinawaka. "Vumilia kidogo mpenzi, ndiyo inakubali." Nikavumilia. Nikamwambia tena. "Dakika tano." Dakika tano zake mnazijua.

Kilichotoka pale kwenye sinki sitakisahau. Mizizi njano karibu na nyeupe. Katikati chungwa kali. Ncha, kule kwenye rangi ya boksi, wekundu wa kutu uliokataa kwenda popote. Nimekuwa bendera! Na pale aliposuuza nikashika shungi moja nikalivuta kidogo. Likavutika. Likaendelea kuvutika, kama mpira wa soksi kuukuu, na nilipoliachia halikurudi. Nikabaki nalo mkononi. Nilidhani limetoka na mzizi, kumbe limekatika katikati, laini kama utando.

Kwa wasiojua, maana na mimi sikujua: unywele mweusi haupauki kwa mkupuo mmoja. Unapita kwenye kahawia, kisha nyekundu, kisha chungwa, kisha njano, na mwisho njano ile hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Hapo mwisho ndipo rangi ya blondi ya kijivu inaposhika. Na rangi ya dukani haiondoi rangi ya dukani iliyotangulia, hata upake mara mia. Lazima iondolewe, na kuiondoa ni kazi nyingine kabisa. Juu ya hapo dawa ya kulainisha ilishavunja viunganishi vya ndani ya unywele. Ukiongeza blichi kali juu yake unamalizia kilichobaki. Hivi ni vitu ambavyo msusi anatakiwa kuvijua kama dereva anavyojua breki iko wapi. Kuniambia tu "nywele zako haziwezi kufika huku kwa siku moja, na kwa kuwa zina dawa pengine zisifike kabisa" kungemchukua sekunde ngapi?

Lakini yeye hakusimama hapo. Akaona chungwa, akaamua kufunika. Akapaka ile rangi ya kijivu, ambayo ndani yake ina bluu, juu ya vurugu yote ile. Haya, somo la rangi la shule ya msingi: bluu juu ya njano inatoa nini? Kijani! Mizizi ikageuka kijani. Na juu ya chungwa ikatoa tope. Nilikwenda na picha ya Billie alipoiacha kijani, nikatoka na mizizi ya kijani. Hata ningetaka kucheka, nilikosa pa kuanzia.

Na kipimo cha mzio? Ule mpako mdogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko, unasubiri saa 48 uone kama ngozi itachachamaa? Haukufanyika, haukutajwa, nadhani huko hawajawahi kuusikia.

Wanaume mliokwishaanza kucheka, ngojeni kwanza. Mnakumbuka Ronaldo yule wa Brazil, Kombe la Dunia 2002? Kanyoa kichwa chote kaacha kipande cha nusu duara mbele, juu ya paji. Akafunga dhidi ya Uturuki kwenye nusu fainali, akaipiga Ujerumani mawili kwenye fainali, na watoto dunia nzima wakakimbilia kwa kinyozi wakitaka kipande kile. Baadaye yeye mwenyewe akaeleza: alikuwa na jeraha la mguu, waandishi hawaandiki kingine, akanyoa vile ili wazungumzie nywele waache mguu. Akawaomba radhi akina mama ambao watoto wao walimwiga. Yaani staili iliyoigwa na dunia nzima ilikuwa kiini macho cha mtu mwenye jeraha! Na nyie wa nywele za juu kupakwa blichi kama Odell Beckham Jr., yule mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ngozi ikiwatoka magamba huko pembeni, mjue tupo kwenye mtumbwi mmoja.

Hata mkato tu, bila rangi, una mitego. Ule mkato wa mwigizaji Jennifer Aniston wa miaka ya 1990, wa ngazi ngazi kuzunguka uso, uliowapeleka wanawake saluni kwa foleni, mwenye nywele zake amesema zaidi ya mara moja kwamba hakuupenda na kwamba bila fundi wake pembeni hakuweza kuutengeneza. Mwenyewe! Wewe unayekatwa vile unarudi nyumbani na chanuo moja na uvivu wako. Asubuhi ya pili unafanana na aliyeamshwa na moto.

Sasa nawajua watu wa humu. Kuna wa "umejitakia". Sawa, nimejitakia nywele za blondi. Sikujitakia kichwa chenye vidonda viwili na upara wa ukubwa wa sarafu nyuma ya sikio. Kuna wa "rudi kwenye asili, uache kuiga Wazungu". Kaka, nikitaka hotuba ya asili nitakuita. Lupita Nyong'o alikuwa na nywele zake za asili, na Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilipoweka picha yake jaladani, nywele zile zilikuwa zimefutwa na kulainishwa kwenye picha, mpaka akajitokeza kulalamika. Kwa hiyo hata mwenye asili hakupona. Tatizo ni hizi picha, na wanaozitumia kutuuzia.

Na kuna atakayesema ningeomba nirudishiwe pesa. Niliomba. Nikaambiwa "rangi inahitaji kutulia siku mbili tatu, itakaa sawa". Itulie imekuwa udongo? Nikaambiwa pia kwamba nywele zangu "zilikuwa na tatizo tangu mwanzo". Tangu mwanzo! Zile zile zilizokuwa nzuri, zinapokea, kazi ndogo mpenzi.

Kwa hesabu, nywele zinaota kama sentimita moja na robo kwa mwezi. Zangu zilikuwa zinagusa mabega. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshapiga na nimeishia miaka miwili na kitu, kama hakuna kitakachokatika njiani.

Mliopitia haya, nipeni mlichofanya. Sitaki tangazo la mafuta ya kuotesha nywele kwa wiki moja. Atakayeweka tangazo hapa nitamshughulikia mpaka aufute ukurasa wake.

---

NYONGEZA, baada ya maoni ya kwanza:

Asanteni mlioniambia nisiguse blichi nyingine wala dawa, nikate zilizokufa na niache ngozi ipone. Nimekubali. Jana jioni nimekwenda kwa kinyozi, mzee mmoja mpole, akavua kilemba changu taratibu, akaangalia, akanyamaza. Halafu akauliza: "Mwanangu, ulipaka nini, ulipaka lini, na kabla ya hapo kulikuwa na nini?" Maswali matatu. Kabla hajashika mashine. Nilitaka kulia pale pale. Ameninyoa fupi kabisa, amepita mbali na vidonda, na ameniambia nisirudi kwake mpaka mwezi uishe.

Yule aliyeandika "si ukavae tu wigi": ndugu, ndilo nitakalovaa. Mastaa wenyewe wanavaa.

NYONGEZA YA PILI:

Hili sikutaka kuliandika lakini limenizidi. Nimetumiwa kiungo na mdau wa humu. Siku ile, kabla sijaondoka, msusi aliniambia nigeuke upande wa kulia "nikupige picha moja ya kumbukumbu". Nilikuwa nimechoka, nikageuka. Kumbe ule ndio upande ambao haujakatika. Kaweka taa, kaipitisha picha kwenye zile programu za kusafisha, kijani kimepotea, chungwa limekuwa dhahabu, nywele zinang'aa utadhani nimetoka kwa fundi wa Billie mwenyewe. Ipo kwenye ukurasa wao. Chini wameandika: "Kutoka nyeusi hadi blondi, masaa matatu tu."

Nimewaandikia waiondoe. Wamenifungia. Na dada mmoja, wa tatu kutoka juu kwenye maoni, ameuliza: "Nywele zangu zina dawa, na mimi naweza kupata hii?"

Wamemjibu: "Inawezekana mpenzi, karibu."